Mashine Ina Taa, Ina Feni, Haina Moto

Jamani, kitu kikifa kife. Redio ikifa inanyamaza, balbu ikiungua inazimika, tunajua tumefiwa. Mashine yangu ya kuchomelea haitaki hivyo. Ukiwasha, taa inawaka, feni inavuma utadhani inataka kuruka. Gusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma sasa: kimya. Hata cheche moja ya kunionea haya hakuna. Na pembeni mwenye geti lake amesimama, mikono nyuma: "Fundi, si ulisema kabla ya saa saba?"

Hapo ndipo wataalamu huota. Mashine ikiwa nzima, tafuta mtu wa kukushikia bomba uone, wote wana haraka. Ikifa wanajaa. "Hiyo kapasita." "Wapi, bodi hiyo imekwenda." Mzee mmoja anasikitika kwamba inveta hizi ni vitu vya kuchezea, zamani kulikuwa na matransfoma ya shaba, hayafi. Kweli hayafi, mzee wangu. Yalikuwa yanaua migongo ya wanaoyabeba.

Naanza na vya nje. Kibanio cha ethi kimeshika chuma au kimeshika kutu na rangi? Nakwangua. Waya wa holda, ile inayoshika kijiti, umekatikia ndani ya mpini? Mzima. Waya wa kurefushia, ule mwembamba ambao watu hukuazima kwa moyo mkunjufu, unakula volti njiani mashine ikabaki na makombo. Nautoa. Napima kwenye matundu ya kutolea, ambako natarajia volti 60 hadi 80. Mita inaniandikia 0.

Halafu naona kijitaa cha njano kimewaka. Cha kusema joto limezidi.

Hapa nipeni nafasi. Mgongoni mwa mashine hii pameandikwa asilimia 60 kwa ampea zake za juu kabisa. Yaani kila dakika 10 ifanye kazi 6, ipumzike 4. Mimi mgongoni nani aliniandikia asilimia? Mimi ndiye ninayechuchumaa juani na barakoa nyeusi usoni, yeye ana feni yake binafsi, na bado mwenye haki ya kupumzika ni yeye! Sasa leo hata kijiti kimoja hajachoma. Amelala usiku kucha, ukimshika wa baridi, anawasha taa ya uchovu.

Nachomoa plagi, nafungua ganda lake. Bwana Kapasita ananyoosha kidole moja kwa moja ndani.

"Toa mkono!"

"Si umechomoa?"

Nimechomoa, lakini hizo kapasita zina kinyongo. Umeme wa volti 220 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu unakaa humo volti 310 hivi, na hauondoki papo hapo kwa kuwa plagi iko chini. Nachukua balbu yenye nyaya mbili, nagusisha kwenye miguu ya kapasita: pwaa! Ikawaka, ikafifia. Wataalamu wote wakarudi nyuma kwa pamoja, bila mtu kuwahesabia.

Ndani vumbi la chuma limejaa tele, maana kijana wangu hukata vyuma na grainda akiielekezea mashine cheche, na feni haichagui, inavuta tu. Vumbi la kawaida ni uchafu. Hili linapitisha umeme. Napiga brashi, napima transista, hakuna iliyopiga shoti. Dayodi nzima. Nafuata vile viwaya viwili vyembamba vinavyotoka kwenye kihisi cha joto hadi kwenye bodi. Kiplagi chake kimelegea, kinacheza! Bodi haipati habari, inaamua kwamba nyumba inaungua. Nasafisha, nasukuma, ka!

Nafunga, nawasha, njano imezimika. Kijiti kikagusa, moto huo.

"Si nilisema?" anauliza Bwana Kapasita, ambaye hakusema.

Mwenye geti naye amesogea. "Fundi, kwa kuwa tatizo lilikuwa kiplagi tu, bei ya geti itapungua kidogo?"

Kiplagi ni cha mashine, geti ni lake, hesabu hiyo inaunganika wapi? Kabla sijamjibu, mzee wa matransfoma ameshafika na kiti chake cha chuma.

"Kijana, maadam imeshawaka, nidondoshee hapa nukta moja tu."

Nikakipindua. Miguu yote minne inacheza.