Mjomba na Shamba la Mzungu

Mgeni akitoka ushago akwambie anataka kutembezwa Nairobi, mpeleke Uhuru Park, mnunulie soda, mrudi nyumbani. Mimi nilijifanya msomi. Jana nikampeleka Mjomba kwa ile nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi mzungu wa Denmark aliyelima kahawa hapa zamani, siku hizi ni makumbusho. Nauli ya matatu imepanda juu ya matone matatu ya mvua, hiyo hata siongei.

Tulianza vizuri. Nyasi imekatwa mpaka unaogopa kuikanyaga, Mjomba amevaa koti la harusi, mikono mgongoni kama DO, yule afisa wa serikali. Kijana wa kututembeza akaanza: nyumba ilijengwa 1912, huyu mama akaingia 1917, shamba ekari 6000, kahawa ekari 600, akarudi kwao Denmark 1931.

"Mbona aliondoka?" Mjomba akauliza.

Ati hapa ni juu sana, baridi nyingi, kahawa haikukubali. Haki ningejua ningemziba Mjomba masikio.

"Kwa hivyo alipanda kahawa ikamshinda?"

"Ndio mzee."

"Akapata hasara?"

"Ndio."

"Na mkamfanyia makumbusho?"

Kijana wa watu anajaribu kueleza ati Denmark ndio ilinunua nyumba ikapea Kenya 1964 kama zawadi ya uhuru, makumbusho ikafunguliwa 1986, lakini Mjomba hasikii tena, ameganda hapo kwa chumba cha kulia, vyombo vimepangwa mezani kama wageni wako njiani. "Mimi nimepanda kahawa miaka thelathini na mbili. Imenishinda. Hasara niko nayo. Kwangu mtafungua lini?" Watalii wawili wakasonga karibu, wakidhani hii ni sehemu ya ziara. Mjomba kuona ana watu, akaingiza mkono kwa koti akatoa karatasi ya malipo ya kahawa, hiyo hutembea nayo kuliko kitambulisho: kilo hizi hapa, makato, makato, makato, na huko chini kabisa pesa ambayo hata gunia moja la mbolea hainunui. Akampatia kijana. "Weka hii kwa kioo."

Nikamvuta nje. Kosa lingine. Huko kwa miti kuna mtambo wa zamani wa kahawa. Akauzunguka mara mbili, akaugonga na kidole, akaweka sikio. "Huu ni mzima kuliko wetu," akaniambia, halafu polepole, "kwani hawauzi?"

Na mimi nilikuwa nimepanga tukae tuangalie milima ya Ngong kiungwana! Tukaishia chini ya mti tukila viazi vitamu kutoka kwa mfuko wa Mjomba. Akanyamaza sana, nikajua sasa historia imeingia.

"Mpwa wangu."

"Naam, Mjomba."

"Hapa ng'ombe wangeshiba."

Usiku nikamchemshia kahawa, nikidhani nimempa heshima. Ati yeye hanywi hiyo kitu, inamnyima usingizi, niweke chai. Sukari imeisha. Na huyu jamaa wa kioski ya hapa chini, saa mbili na nusu ashafunga, taa inawaka, redio inalia, unabisha anakwambia hayuko...