Wati Hamsini za Oili

Nilidhani ile W kwenye kopo la oili ya injini ni wati. Ndiyo, kama za balbu. Kwa hiyo dukani Tanga, kati ya 5W-30 na 20W-50, nilichukua hamsini. Nani anunue mwanga hafifu? Muuzaji naye akanipa nguvu: "Huku joto, kaka. Weka nzito." Nikaimimina kwenye Probox yangu, injini ya 1NZ, lita 3.7 pamoja na filta mpya, kisha tukaondoka kwenda Njombe kumposea binamu yangu. Mshenga mimi.

Njombe, Julai, saa kumi na mbili alfajiri. Nikapiga stata: ng'ooo... ng'ooo... Betri yenyewe imeshachoka. Mara ya tatu ikawaka, valvu zikagonga kama mtu anayepigana na masufuria, taa nyekundu ya oili ikagoma kuzimika upesi. Mashangazi wa binti wakatoka na blanketi mabegani.

Baba wa binti ni fundi wa matrekta mstaafu. "Zima." Akasubiri kidogo, akachomoa kijiti cha oili, akakiinamisha.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene." Akauliza habari za safari, za Tanga, za wazazi, za mvua. Tone bado linaning'inia.

"Umeweka nini humu?"

"Wati hamsini, mzee."

Akamtazama binti yake, kisha binamu yangu, kama anayerudia hesabu.

Kumbe W ni winta. Namba iliyo mbele yake inahusu oili ikiwa baridi: 20W hupimwa ugumu wake injini ikizungushwa kuwashwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Kwa hiyo baridi ya Njombe, isiyofika huko, haikuizuia injini kuwaka. Ilichelewesha oili kupanda juu kwenye valvu, na vyuma vikasagana vikavu. Namba ya mwisho ni daraja la uzito wa oili, yaani unene wake, kwenye nyuzi 100. Na hilo joto la Tanga nililoliogopa? Thermostati hushikilia maji ya injini karibu nyuzi 90, uwe Tanga uwe Njombe. Tena VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka, husukumwa na oili kupitia vijia vyembamba. Uji haupiti upesi. Kitabu cha gari kilisema 5W-30. Kilikuwa kwenye droo, chini ya karanga.

Tukaipasha injini dakika tano, tukaizima, tukafungua boliti ya chini kwa spana namba 14 oili imwagike, tukairudisha na kipete kipya cha kuzibia, mpira wa filta ukapakwa oili na filta ikakazwa kwa mkono. Tukamimina lita 3.3 za 5W-30, tukawasha, tukazima, tukasubiri, tukapima, tukaongeza kidogo kidogo.

Ile nzito haikuwa imefikisha kilomita elfu moja. Mzee akaikinga kwenye beseni safi: pikapu yake imelika ringi za pistoni, hamsini inaifaa. Mchana orodha ya mahari iliposomwa, kati ya blanketi la bibi na jembe palikuwa na mstari mpya: oili 20W-50, lita tatu na nusu, imepokelewa.