Ruby ya Eibar: kosa lilikuwa kuiga, au kukosa kipimo kimoja?

Chukua magazini, yaani kisanduku cha risasi, ya bastola ya Ruby ujaribu kuipachika kwenye Ruby nyingine. Kwa macho ni pacha: mtutu mfupi wenye tundu la milimita 7.65, risasi 9 ndani ya mpini. Lakini magazini inaweza kukwama katikati, au ikaingia halafu ikachezacheza kama jino bovu. Tazama herufi mbili zilizogongwa kwenye chuma. GU ni kampuni ya Gabilondo y Urresti. Bastola ya pili ikiwa na herufi nyingine, imetoka karakana nyingine, na usishangae vipuri vikikataana.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoupaka matope mji wa Eibar, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Hadi leo wapenzi wa silaha za zamani wakitaja bastola za Eibar hutaja kwa kubeza: mafundi wa kunakili, chuma hafifu, kazi ya haraka haraka.

Madai hayo hayakutoka hewani. Ruby inafuata muundo wa John Browning, Mmarekani ambaye kazi zake zilitengenezwa na kiwanda cha FN pale Herstal, Ubelgiji. Ni ule wa mwaka 1903, ambao nyundo yake imefichwa ndani, na springi pamoja na uzito wa chuma cha juu ndivyo vinavyozuia chumba cha risasi kisifunguke mapema. Eibar waliuchukua wakaurahisisha. Tena wakaongeza udhaifu juu yake: kitufe cha usalama kiliweza kusukumwa na ala ya ngozi askari anapoirudisha bastola kiunoni, ikabaki tayari kufyatuka. Dawa yake ilikuwa kupachika kipande cha chuma kilichochomoza ubavuni, ili ngozi isikiguse kitufe. Kiraka, kusema kweli.

Sasa upande wa pili. Sheria ya Hispania ilimtaka mwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, autumie uvumbuzi wake ndani ya nchi katika muda wa miaka 3, la sivyo kinga inapotea. Wageni wengi hawakujisumbua kufungua kiwanda huko. Kwa hiyo fundi wa Eibar aliyekaa na tupa yake akichonga Browning hakuwa mwizi mbele ya sheria ya kwao. Unaweza kuichukia sheria yenyewe, hilo ni jambo jingine.

Halafu kuna vita. Agosti 1914 Wajerumani waliingia Liège, na Herstal iko pale pale jirani. FN ikawa mikononi mwa adui. Viwanda vya Ufaransa navyo vilielemewa na bunduki. Mwaka 1915 Wafaransa wakaiendea Gabilondo y Urresti, kampuni ndogo ya eneo hilo, wakataka bastola 10,000 kila mwezi, kisha 30,000. Kampuni haikuwa na ubavu huo. Ikagawa kazi kwa majirani, na muda si mrefu Wafaransa wenyewe wakawa wananunua moja kwa moja kwa karakana nyingine. Makumi ya karakana, kila moja na vipimo vyake. Aliyetaka idadi alipewa idadi.

Mimi naona wakosoaji wanachanganya mambo mawili. Kuiga hakukuifanya magazini ikatae kuingia. Kilichoifanya ikatae ni kukosekana kwa kipimo kimoja kinachomfunga kila fundi, na lawama hiyo mnunuzi hawezi kuikwepa, maana ndiye aliyetawanya oda. Aliyewahi kununua mlango kwa mafundi wawili, mmoja fremu na mwingine ubao, anaelewa.

Ushahidi wangu ni wa miaka ya 1920, soko likiwa China, ambako bastola ya Mauser C96 ya Kijerumani ilipendwa mno. Kampuni ya Unceta, iliyokuwa imehamia Guernica kutoka Eibar, ikatoa Astra 900. Kwa nje utaapa ni Mauser. Ifungue: mitambo ya ndani imepangwa kivyake. Waigaji wale wale, ila safari hii kazi iko chini ya mamlaka moja. Na Beistegui Hermanos wa Eibar waliuza nakala inayofyatua mfululizo kabla Mauser hawajaingiza ya kwao sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hapo ni nani aliyekuwa akimfuata nani?

Sisemi Ruby ilikuwa bastola nzuri. Nyingine zilikuwa za hovyo kabisa, na askari aliyepewa ya namna hiyo hakuwa na haja ya kusikia habari za sheria ya hataza. Hata hivyo Wafaransa hawakuzitupa. Mwaka 1940, vita ya pili ilipowafikia, kuna askari wao waliokuwa bado wanatembea na Ruby kiunoni.