Kilikuwa cha Ng'ombe

Kwanza kabisa: kinyesi kilikuwa cha ng'ombe. Nasema mapema kwa sababu mwalimu mwenzangu wa Jiografia, ambaye kwa bahati yangu mbovu alikuwa siti ya nyuma kwenye kosta ileile, ameshatangaza kwenye grupu la walimu kwamba nilipanda daladala na dumu la "mambo yangu binafsi". Tangu jana jioni watu wanacheka tu. Sasa tulieni mwenye msiba niwasimulie mwenyewe.

Mnajua Julai ilivyo. Shule zimefunguliwa, kidato cha pili wanataka projekti ya sayansi, na mawazo ni yaleyale: volkano ya siki na magadi, betri ya limau, puto linalojazwa na hamira na sukari. Mimi na kidomodomo changu nikasimama mbele ya ubao. "Volkano ya magadi naiona tangu niko darasa la sita. Nileteeni kitu kitakachochemsha chai!" Ikawa bayogesi, gesi ya kuwasha moto inayotokana na samadi.

Samadi mbichi ndoo moja, maji ndoo moja, koroga, funga, maana vile vibakteria vinavyotengeneza metheni havitaki oksijeni hata ya kunusa. Puto mdomoni, subiri. Dumu la kwao likafa wiki ya kwanza kwa sababu kila asubuhi kuna mtu alilifungua "kuangalia kama linafanya kazi". Niliwagombeza sana. Nakumbuka nilitumia neno "uzembe", tena mara mbili. Halafu kimyakimya nikatengeneza la kwangu nyumbani, dumu la maji la lita 5, kwa samadi ya jirani, ili siku ya maonyesho tusiumbuke.

Siku ya sita puto likajaa. Nikafungulia gesi kwenye kiberiti, kiberiti kikazima. Kawaida hiyo: gesi ya mwanzo huwa kaboni dayoksaidi tele, inayowaka huja baadaye. Nikavumilia mpaka nikaona limeiva. Nikaliandika kwa maka peni SIKU YA 19.

Hapa ndipo akili iliponihama. Nikaona nikipanda gari na puto watanidhania muuza maputo. Basi usiku nikalitoa, nikafunga kifuniko, nikakikaza kwa mikono miwili, dumu ndani ya begi la shangazi kaja, juu madaftari. Bakteria hawakuambiwa kwamba kazi imesimama.

Gongo la Mboto ya Dar es Salaam asubuhi hamhitaji kusimuliwa. Siti hakuna. Konda akanihurumia: "Ticha, begi weka hapa mbele kwenye injini, halitamsumbua mtu."

Kwenye. Injini.

Mimi niliyefundisha Jumatatu kwamba gesi ukiifungia halafu ukaipasha moto presha inapanda, nikajibu, "Asante sana, kaka."

Kituo cha Ukonga Mombasa, shwari. Kituo cha Banana, foleni. Hapo Banana nikaona daftari la juu linainuka polepole, lenyewe, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikasogeza madaftari. Kitako cha dumu, ambacho huwa bapa, kilikuwa kimetuna hadi dumu linayumba kama pia. Mwanakemia aliyemo ndani yangu akaninong'oneza: legeza kifuniko kidogo, kama soda.

Jamani. Kama soda. (Na wewe unayecheka, subiri, hatujafika.)

Nikazungusha robo. Likalia pssss, jembamba, refu, halafu harufu ya yai viza ikaanza safari yake kuelekea nyuma, siti kwa siti. Mama mwenye beseni la maandazi akajiziba pua kwa kanga. Dereva akashusha kioo. Dada mmoja aliyekuwa anaongea na simu akanyamaza katikati ya neno. Konda akasema kwa upole, "Abiria, kama kuna mtu tumbo limemchafuka aseme tumshushe, hakuna aibu." Watu wakaanza kutazamana. Nami, Mungu anisamehe, nikamgeukia mzee wa watu aliyekaa kando yangu na baraghashia yake nyeupe, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mzee akanitazama. Akafungua mdomo aseme.

"Shikamoo mwalimu!" Sauti kutoka nyuma, sare safi, mwanafunzi wangu. "Hiyo ni metheni au bado ni kaboni dayoksaidi?"

Nikageuka kumwitikia. Mkono nao ukageuka. Kifuniko kikaachia.

Nilikisikia kikigonga paa: ko. Kikafuatwa na nguzo ya kahawia, nene kama mchi, ikapanda wima, ikafika juu, ikatulia. Labda nusu sekunde. Mimi nilizeeka humo. Kisha ikatawanyika. Naona mpaka sasa ubua mmoja wa nyasi, ule ambao ng'ombe alishindwa kuumaliza, ukitua taratibu juu ya baraghashia. Naona tone likiteremka kwenye stika ya "Mungu Kwanza" na dereva akilifuata kwa macho. Na mdomo wangu ulikuwa wazi, kwa sababu nilikuwa nimefika "mara" kwenye "marahaba". Tuishie hapo.

Konda akagonga bodi mara mbili. "Shusha dereva, kuna mzigo umejishusha wenyewe."

Mengine mafupi. Nimelipia gari zima kuoshwa, mzee nimemnunulia baraghashia mpya, maandazi nimeyanunua yote na beseni lake, na bodaboda aliyenifikisha shule alikaa juu ya tangi ili tusigusane. Nikaingia kipindi cha nne, shati la kuazima kwa mlinzi, nikakuta daftari la projekti limewekwa mezani kwangu. Mwandiko mzuri, mstari umepigwa kwa rula:

"Siku ya 19. Mwalimu ameongeza joto. Gesi: ipo. Sampuli: haikubaki. Chanzo cha kosa: uzembe."