Amina ni neno la kabila gani?

Mpwa wangu yuko kwenye mafundisho ya kipaimara. Jumapili iliyopita, tukisubiri chai, akaniuliza: "Mjomba, amina ni neno la kabila gani?" Nikacheka, kisha nikaona swali lake lina akili kuliko kitabu alichoshika. Kitabu chenyewe kinaanza na mmisionari Mjerumani, Krapf, kutua Mombasa mwaka 1844, kana kwamba Ukristo ulizaliwa melini.

Mimi ningemfundisha mtu dini hii kwa kuyafuata maneno tunayoyatamka kila Jumapili bila kuuliza yalikotoka.

Amina ni Kiebrania: hakika, na iwe hivyo. Haleluya vilevile. Si ajabu, maana Yesu alikuwa Myahudi, mama yake Myahudi, na Zaburi alizosali ndizo tunazoimba sisi. Kilio chake msalabani Marko amekiacha katika Kiaramu, lugha ya nyumbani: "Eloi, Eloi, lama sabakthani?" Halafu maneno yanageuka Kiyunani. Kristo ndiye Masihi, yaani aliyepakwa mafuta. Biblia ni vitabu. Hapo ndipo kundi dogo la Wayahudi, lililodai kwamba mtu aliyesulubiwa chini ya Pontio Pilato amefufuka, lilipotoka Yerusalemu na kuwafikia mataifa. Jina "Wakristo" lenyewe, Matendo ya Mitume inasema, lilianzia Antiokia. Dai hilo la ufufuko ndilo kiini. Ukiliondoa unabaki na mawaidha mazuri tu, na Paulo aliwaambia Wakorintho wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure.

Sasa sikiliza haya: kanisa, msalaba, injili, askofu. Yote yametufikia kupitia Kiarabu. Askofu alianza kama episkopos wa Kiyunani, yaani mwangalizi, akapita midomoni mwa Waarabu ndipo akaja kwetu. Waislamu wa Mombasa walilijua jina la Injili kabla Krapf hajakanyaga pwani. Na Wakristo wa Misri na Lebanon wanamwita Mungu Allah mpaka leo, jambo linalowashtua wengi wa wale tunaokaa nao benchi moja.

Ndiyo maana nachoka nikisikia "dini ya Wazungu". Sikatai kwamba wamisionari wengi na wakoloni walipanda meli moja; hilo lina uchungu wake. Lakini mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya kale, alikuwa amekwisha kuweka msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya 4. Mmonaki Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori kuwahubiria Waingereza, alifika Kent mwaka 597. Nani alimtangulia nani? Athanasio, aliyepigania fundisho la kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri.

Tena kosa hili tunalikuza wenyewe. Mtoto akibatizwa, tunadai "jina la Kikristo", tukimaanisha la Kizungu. Anaitwa Elizabeth, na hakuna anayekumbuka kwamba hilo nalo ni la Kiebrania.

Padri ni Kireno. Wareno walijenga Fort Jesus mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698, na Ukristo wao haukushika mizizi pwani. Neno likabaki. Noeli ni Kifaransa, Krismasi Kiingereza, na ukisikia mtu anatumia lipi unaweza kukisia anasali wapi.

Ninalolipenda kuliko yote ni mlokole. Limetoka kwa Waganda, balokole, waliookoka, jina la watu wa uamsho uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930. Hakuna mmisionari aliyetuletea neno hilo. Leo Wakristo duniani wanazidi bilioni 2, na Afrika inao wengi kuliko Ulaya. Nadhani siku moja watoto wa mbali wataulizana mlokole ni neno la kabila gani.

Bibi wa mpwa wangu, Mlutheri aliyeokoka zamani, alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni. "Mwambie na Mungu ni la nani," akasema.

Nikamwambia mpwa wangu: hilo Krapf alilikuta hapa. Wamijikenda, aliokwenda kuishi nao Rabai, walikuwa wakimwita Mulungu.

Akaandika daftarini. Chai ilikuwa imeshapoa.