Waacheni Watoto wa Dar Wafinyange

Juma lililopita niliingia katika duka la vifaa vya sanaa za watoto hapa Leipzig kununua gundi, nikakuta kikapu kilichojaa vifuko vya wavu vyenye makombe ya baharini. Makombe yenyewe ni yale yale madogo meupe ambayo mtoto wa Kigamboni huyakanyaga bila kuyatazama, ila haya yameoshwa, yamefungwa na kubandikwa bei. Kwenye rafu ya jirani kulikuwa na mchanga wa rangi unaouzwa kwa kilo, na juu yake mafungu ya nyuzi za rafia za kufumia, jamaa wa ukindu wetu. Mama aliyenitangulia kwenye foleni alinunua vyote vitatu kwa ajili ya mtoto wake wa chekechea na akalipa kwa furaha, nami nikatoka dukani nimekasirika. Yule mama hakunikosea lolote, kwani anafanya jambo la maana kwa njia aliyo nayo. Niliwafikiria watoto wa ndugu na rafiki zangu Dar es Salaam, wanaoishi jirani na bahari, wenye mnazi uani na udongo mlangoni, ambao tumewakataza kugusa hata kimoja kati ya vitu hivyo kwa sababu watachafuka.

Nimekaa Ujerumani muda wa kutosha kuona kwamba nchi hii, pamoja na utajiri wake wote, huwalea watoto wake wadogo kwa vitu ambavyo sisi tunavipeleka jalalani. Mwalimu wa binti yangu hutuma ujumbe kwa wazazi kuomba trei za mayai, vibomba vya kadibodi vinavyobaki karatasi ya chooni inapokwisha, vifungo vya mashati yaliyochakaa na magazeti ya zamani. Mwezi Oktoba watoto huokota mbegu za chestinati chini ya miti ya barabarani, mwalimu akazitoboa, nao wakachomeka njiti za kiberiti hadi mbegu ikawa farasi mwenye miguu minne. Kabla ya tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, kila mtoto hujitengenezea taa ya karatasi ya kutembea nayo barabarani jioni: kitako chake mara nyingi ni boksi la duara la jibini, na ukuta wake ni karatasi aliyoichora mwenyewe kwa rangi za maji na kuisugua kwa mafuta ya kupikia ili mwanga upenye. Ziko hata chekechea ambazo, kwa mpango ulioanzia jimbo la Bavaria mwanzoni mwa miaka ya 1990, huondoa vitu vyote vya kuchezea vya dukani kwa miezi mitatu, watoto wakabaki na meza, viti, mablanketi na akili zao. Waanzilishi wa mpango huo walikuwa watu wa kuzuia uraibu, na hoja yao inaeleweka hata kwa asiye mtaalamu: mtoto aliyezoea kupewa kitu kipya kila anapochoka kukaa bure hajifunzi kujitafutia la kufanya.

Sasa njoo nyumbani. Nilipokuwa Tabata likizo iliyopita, mpwa wangu, ambaye hajatimiza hata miaka minne, alirudi kutoka shule mchana na begi lililomfika magotini, ndani yake daftari lenye kurasa mbili za kujaza herufi “a” kutoka mstari wa juu hadi wa chini. Alikuwa amesinzia njiani ndani ya basi la shule, akaamshwa, akanawishwa uso na kukalishwa mezani. Nilipomwomba dada yangu amwache kwanza acheze, alinijibu, “Kaka, usimcheleweshe, Ijumaa mwalimu anakagua.” Pembeni ya kochi kulikuwa na boksi la vitu vya Kariakoo: magari yasiyo na magurudumu, bunduki ya plastiki iliyokwisha betri, mdoli asiye na mkono. Hakuna hata kimoja alichokigusa kwa siku zote nilizokuwa pale, maana kitu cha namna hiyo kikishavunjika hakina tena la kumwambia mtoto, wala yeye hana la kukifanyia.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu nimekwisha kuyasikia ana kwa ana. Nitaambiwa kwamba nimepanda ndege jana na leo nimegeuka mwalimu wa malezi. Kwamba wenzetu wana mishahara mikubwa, bustani kila mtaa, na walimu wachache kwa watoto wachache. Ni kweli, na nisingethubutu kulilinganisha darasa la Mbagala na chekechea ya hapa. Wala siwaoni Wazungu kuwa malaika wa malezi. Binti yangu hana binamu wa kugombana nao uani, hana bibi wa kumwita kutoka barazani, na akitaka kucheza na mwenzake lazima wazazi tupatane siku na saa kama watu wanaokwenda kwa daktari. Upweke huo unaniuma, na nisingemtakia mtoto yeyote wa Temeke, nilikozaliwa mimi. Lakini ninachokisema hapa hakihitaji mshahara wa Ulaya wala bustani ya Ulaya. Kinachonikera ni kwamba vitu tunavyo, ujuzi tunao, na vyote viwili tumevionea haya.

Nitoe mfano wa pale pale Tabata. Mwalimu alipokwisha kukagua daftari la mpwa wangu, nilichukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi na maji yapata kikombe kimoja, nikakanda donge la kufinyangia kama tunavyofanya huku wakati wa baridi. Dada yangu alilalamikia unga, na alikuwa na haki, kwani bei anaijua yeye. Binti anayemsaidia kazi za nyumbani, aliyetoka Kondoa, alisimama mlangoni akitutazama kwa muda, kisha akasema kwa adabu, “Kaka, kwetu hatuchezei unga, unga tunakula. Tunatumia udongo wa kichuguu.” Nikamwomba atuonyeshe. Alilisokota donge kati ya viganja likawa refu, akalibana katikati kwa vidole viwili, akasukuma kwa kidole gumba nyama kidogo kuelekea juu, papo hapo ikatokea nundu. Halafu akavuta miguu minne kutoka tumboni bila kuongeza wala kupunguza unga, na mwisho akachomeka vipande viwili vya chelewa alivyovikata kwenye ufagio vikawa pembe. Lilikuwa fahali kamili, limesimama lenyewe juu ya meza. Mpwa wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa analia kwa kila jambo, alinyamaza, akanyoosha mkono, akaomba na yeye apewe donge lake. Walikaa chini wawili hao mpaka adhana ya magharibi, na zizi likapata ndama, mchungaji na kitu ambacho mtoto alisema ni bajaji.

Nilimwuliza yule binti kwa nini hakuwahi kumfundisha mtoto mambo haya, akasema alidhani hayatakiwi katika nyumba yenye vigae. Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko lile duka la makombe. Tunamwajiri mtu mwenye mikono yenye akili kiasi kile, tunamkabidhi mtoto wetu kutwa nzima, kisha tunamwagiza amwashie katuni na ahakikishe hachafuki.

Udongo wa kichuguu hauhitaji fedha. Unatwangwa, unachekechwa kwa chujio la zamani, unalowekwa usiku kucha na kukandwa hadi uache kunata vidoleni. Kilichofinyangwa kinakaushwa kivulini polepole, kwa kuwa jua kali hukipasua. Anayekosa udongo anaweza kuloweka dengu hadi zilainike na kumpa mtoto vijiti vya meno avichomeke kutoka dengu moja hadi nyingine, apate nyumba, ngazi au kitanda, na dengu zikikauka zinashika vijiti imara. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, kama ule tuliobandikia tiara za magazeti. Rangi ya njano ni manjano ya jikoni, nyekundu ni maji ya rosela, na nyeusi ni mkaa uliosagwa. Kititia cha ukuti hata sihitaji kukieleza, kwa kuwa aliyekulia pwani yetu akashindwa kukikunja amesahau kwa makusudi.

Katika haya yote mtu mzima lazima awe karibu, na hili nalisisitiza kwa dhati. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe dengu, vifungo wala visoda, kwa sababu ataviweka mdomoni au puani. Kitu chochote kinachopenya ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo. Visoda vina makali pembeni, hivyo vipondwe kwanza na mtu mzima. Donge la chumvi lisiliwe hata kidogo, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mwili mdogo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumpotezea mtoto muda wa kujifunza. Tazameni mkono wa mtoto wa miaka mitatu au minne. Mifupa midogo ya kifundo chake bado haijakomaa, na misuli ya vidole haina nguvu ya kuishika penseli na kuiongoza mstarini bila kuchoka. Anapochana karatasi, anapokamua kitambaa chenye maji, anapopitisha uzi kwenye tundu au kubana nundu ya ng'ombe wa udongo, anaitia nguvu misuli ile ile atakayoandikia baadaye. Mtoto wa hapa huanza shule ya msingi akiwa na miaka sita, na kabla ya hapo hakuna anayemkagulia daftari. Wala msidhani ninawaletea sheria za kigeni: mtaala wetu wenyewe wa elimu ya awali, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, unataka mtoto ajifunze kwa michezo, kwa zana zinazopatikana katika mazingira yake, na katika darasa lenye kona za ujifunzaji, yaani pembe za darasa zenye zana za mtoto kujifunzia kwa vitendo. Hayo yameandikwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na shule nyingi zinazotoza ada kubwa ndizo zinazoyapuuza.

Binti yangu alirudi siku moja na mkeka mdogo wa karatasi, vipande vya njano na bluu vilivyopishana juu na chini. Kazi hiyo inatokana na Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuwapa kazi za kukunja karatasi, kufinyanga, na hata kuunganisha vijiti kwa mbaazi zilizolowekwa. Nilimpigia mama simu ya video ili mjukuu amwonyeshe. Mama, ambaye amesuka ukili tangu utotoni Kisarawe, aliutazama mkeka ule akasema umesukwa legelege, na hapo hapo akaanza kumwelekeza namna ya kukaza. Nilijawa na fahari siku ile. Kinachofundishwa huku kwa vitabu na vyeti, mama anacho vidoleni, na hakuna shule hata moja mtaani kwake iliyowahi kumwomba aje kukaa na watoto saa moja kwa juma. Na Dar es Salaam ndio mji ambamo Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, pale Oysterbay, juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, na leo picha za mtindo wake zinapamba nyumba za Wajerumani ninaowatembelea. Sisi tulio na historia ya namna hiyo tunawezaje kumwambia mtoto kwamba vifaa rahisi ni vya maskini?

Kuhusu muda, sina ubishi. Anayetoka Chanika saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hawezi kuambiwa afinyange ng'ombe, na mimi simwambii. Ninachomwomba ni ruhusa tu: amruhusu bibi, shangazi au binti wa kazi, na amwambie waziwazi kwamba kuchafuka kunaruhusiwa. Anayeishi chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga anaweza kutandika mfuko wa mbolea mlangoni, ukafanyiwa kazi zote na kukung'utwa jioni kabla mwenye nyumba hajarudi.

Kinachobaki ni usaili wa kuingia shule, na hapa nawaelewa wazazi kabisa, kwa kuwa mtoto asiyeandika jina lake anaweza kukosa nafasi mbele ya macho yao. Wenye shule nao hujitetea kwamba wazazi ndio wanaodai daftari lililojaa. Basi wazazi wa darasa moja, ambao tayari wamo katika kundi moja la WhatsApp, wakubaliane kabla ya kikao cha Januari na kudai mambo mawili kwa sauti moja: mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kazi ya kuandika nyumbani, na shule ionyeshe kona zake za ujifunzaji zilipo na mtoto anafanya nini ndani yake kila siku. Mwalimu mkuu akijibu kwamba hakuna fedha za vifaa, kila mzazi apeleke trei moja ya mayai, kifurushi cha magazeti na ndoo ya udongo.