Sindano inayouliza ni neva ipi

Hapa Uganda, mwambie mtu mwenye maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni kama umeme kwamba daktari anataka kumchoma sindano ya mgongo. Jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: nitapooza. Hofu hiyo haikutoka hewani. Upande wa mashariki, Kumi hasa, wapo vijana waliolemaa mguu utotoni baada ya kuchomwa kwinini matakoni walipougua malaria. Sindano iligusa neva kubwa ya mguu, au dawa ikakakamaza misuli ya tako. Na akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huilaumu ile sindano ya ganzi kwa kila maumivu ya mgongo yanayofuata, ingawa tafiti hazijaonyesha kwamba ndiyo chanzo cha maumivu ya kudumu.

Anayekataa simlaumu. Ila sindano anayoikataa siyo hii anayopewa.

Ile ya kwinini ilichomwa kwa kukisia. Hii ya mzizi wa neva huchomwa daktari akitazama kioo cha eksirei. Mgonjwa analala kifudifudi, ngozi inatiwa ganzi, sindano nyembamba inasogezwa kidogo kidogo hadi kwenye tundu ambamo neva moja inatokea kati ya pingili mbili. Kabla ya dawa hutangulia rangi inayoonekana kwenye eksirei, ili ijulikane kwamba ncha iko kando ya neva na haiko ndani ya mshipa wa damu. Kisha dawa ya ganzi, kidogo sana, mara nyingi mililita moja au pungufu, isije ikatapakaa hadi kwa neva ya jirani. Mara nyingi huongezwa steroidi ya kutuliza uvimbe.

Udogo huo wa dawa ndio kiini cha jambo, na ndio usioelezwa wodini. Watu huipima sindano hii kama dawa: imeponya au haikuponya? Wakati mwingine kazi yake kubwa ni kuuliza. Dakika chache baadaye mgonjwa anaambiwa asimame, atembee, ainame vile vile alivyokuwa akiumia jana. Mguu ukitulia kwa saa hizo chache za ganzi, neva iliyochomwa ni mshukiwa mzito. Ukibaki unauma vile vile ilhali neva imekufa ganzi sawasawa, mshukiwa atafutwe kwingine: nyonga, kiungo cha nyonga na uti wa mgongo, au pingili ya juu yake.

Mtu atasema, si kuna MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku? Ipo, na anayeuza ng'ombe ili alipie kipimo hicho anastahili kujua mipaka yake. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipiga picha migongo ya watu 98 wasio na maumivu yoyote. Asilimia 52 walikuwa na diski (ule mto laini ulio kati ya pingili) iliyovimba angalau mahali pamoja, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza. Sasa mchukue mchukuzi wa magunia wa soko la Owino, Kampala, mwenye miaka 50. Picha yake itaonyesha diski mbili, pengine tatu, zilizochakaa. Ipi inamuumiza? Picha haisemi. Daktari wa upasuaji akiamini picha peke yake, anaweza kufungua pingili isiyo na kosa, na mchukuzi akarudi nyumbani na kovu, deni na maumivu yale yale.

Kuna takwimu moja ninayoirudia kila mara. Mwaka 2000 yalichapishwa Marekani matokeo ya wagonjwa 55 ambao neva zao zilibanwa, picha zikathibitisha, na wote walikuwa tayari kwa upasuaji. Waligawanywa kwa bahati nasibu: 28 walichomwa ganzi pamoja na steroidi, 27 ganzi tupu, na waliruhusiwa kurudia hadi mara nne. Katika wale 28, 20 waliamua kutopasuliwa. Katika wale 27, 9. Ndiyo, ni watu wachache, na hesabu ya watu 55 haiwezi kubeba sera ya nchi nzima. Lakini fikiria ni akina nani: si watu wenye mgongo wa kuchoka, ni watu waliokwisha kukubali kisu. Na hata wale 9 wana la kutufundisha, kwa sababu maumivu ya neva mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki na miezi. Sindano ikimpa mtu nafasi ya kulala usiku huku mwili ukifanya kazi yake, hiyo kwangu ni tiba, hata kama diski haikurudi mahali pake.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 25, yalikuta kwamba kwa muda mfupi steroidi za mgongoni hupunguza maumivu ya mguu kwa takriban pointi 5 kati ya 100 kulinganisha na sindano isiyo na dawa hiyo. Ni kidogo. Hata lile swali la "neva ipi" wakati mwingine hujibiwa kwa makosa: kuna wagonjwa wanaopata nafuu hata ganzi ikichomwa mahali pasipo chanzo. Na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu madhara adimu lakini mabaya: kupofuka, kiharusi, kupooza, kifo. Steroidi zenye chembechembe zikiingia kwenye mshipa wa damu unaolisha uti wa mgongo zinaweza kuuziba, ndiyo maana madaktari wengi huanza na deksamethasoni, steroidi isiyo na chembe.

Kwetu kuna hatari nyingine ambazo vitabu vya ng'ambo huzipitia haraka. Ya kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho nacho hubana neva. Kumchoma steroidi mgonjwa huyo ni kuulisha ugonjwa. Homa za jioni, kukonda na maumivu yanayozidi usiku vichunguzwe kwanza. Ya pili ni dawa za VVU. Anayetumia ritonavir, iliyomo katika dawa nyingi za mstari wa pili (zinazotolewa zile za kwanza zikishindwa), akichomwa steroidi iitwayo triamsinoloni, mwili unashindwa kuivunja. Inabaki kwa wiki nyingi, uso unavimba, sukari inapanda, na tezi za juu ya figo zinalala. Dolutegravir, dawa nyingine ya VVU, haina shida hiyo. Kwa hiyo daktari asiyeuliza mgonjwa anakunywa dawa gani asishike sindano, na faragha iwepo ili mgonjwa aweze kujibu. Mwenye kisukari naye ajiandae kwa siku kadhaa za sukari ya juu.

Kwa hiyo singependa kuiona sindano hii ikiuzwa kwenye kliniki isiyo na eksirei, wala kwa maumivu ya mgongo yasiyoshuka mguuni. Bali kwa yule ambaye wiki sita za dawa na mazoezi hazikumsaidia, na anapelekwa kwenye upasuaji kwa ajili ya picha yenye diski tatu mbovu, naona ni haki yake kuulizwa kwanza kwa sindano. Akubaliwe pia kurudi na karatasi aliyoandika saa kwa saa: mguu uliuma kiasi gani saa sita, saa tisa, usiku, kesho yake asubuhi. Na siku hiyo aje na ndugu wa kumrudisha kwa gari. Mguu unaweza kulegea kwa saa kadhaa, na juu ya bodaboda si mahali pa kuligundua hilo.